Kilo Yangu Moja

Ate Marisel,

Ulinifundisha mwenyewe kwamba kwenu Ufilipino dada mkubwa huitwa Ate, nami nimekuita hivyo miaka sita, basi sitaacha leo. Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa ulijua maneno mawili tu, "vuta" na "shoga", na yote mawili uliyapaza kwa kelele ziwani kila alfajiri. Kiingereza chetu kilitutosha kwa mazoezi. Kwa haya ya leo hakinitoshi.

Ni mwezi wa nne tangu tukusindikize uwanja wa ndege ukiwa ndani ya sanduku. Boti yetu ya makasia imetundikwa juu kabisa bandani, na viatu vyako vidogo bado vimefungwa humo. Kocha amenitafutia msichana wa kukaa kiti chako. Nimemwambia naumwa mgongo. Siumwi popote. Hapa nyumbani Crescent Town, Toronto, mama ananiwekea chakula bila kuniuliza kitu, nami nakula mpaka nashiba. Najichukia, Ate.

Nakumbuka ulivyonisimulia mwanzo wako. Ulikuwa yaya, ukisukuma kigari cha mtoto wa watu kando ya ziwa, boti zikapita, ukasimama kuzitazama mpaka mtoto akaanza kulia. Ukajiandikisha na wanaoanza, siku yako ya mapumziko. Walipoona ulivyo mfupi wakataka ushike usukani tu, nawe ukawaambia hukuja kupanda teksi. Nilicheka sana siku uliponiambia hilo. Miaka ikapita, medali zikajaa kwenye misumari ya kutundikia sufuria jikoni kwako, na hatimaye wakuu wa mchezo huu kwenu Ufilipino wakakuandikia: shinda mashindano haya ya Toronto, uje tukujaribu kwa timu ya taifa. Ulikuwa na miaka thelathini na minne. "Sina mwaka mwingine," ulikuwa ukisema.

Tulishindana uzito mwepesi. Sheria yake unaijua kuliko mimi: wawili kwa jumla tusizidi kilo mia moja na kumi na nne. Tulipatana mimi niwe hamsini na nane, wewe hamsini na sita. Wewe uliyekuwa mwembamba ndiye uliyejipunguza zaidi, kwa sababu mifupa yangu, ulisema, ni mizito kama ya ng'ombe.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, kulikuwa na akika ya mjukuu wa shangazi yangu kule Pickering. Nilikwambia naenda kuonyesha uso tu. Shangazi akanijazia sahani ya biriani. "Kula bana, mbona umekonda hivi? People watasema tunakunyima." Ningeweza kukataa. Nilikuwa na njaa ya wiki tatu, Ate, nikala, na sahani ya pili niliifuata mwenyewe.

Asubuhi mizani ikasoma hamsini na tisa. Hukunigombeza. Ulitazama ile namba, ukasema, "Okay, shoga, I'll take it," yaani kilo yangu utaipunguza wewe. Ukavaa makoti mawili ya mvua juu ya sweta ili utoke jasho, ukaanza kukimbia kando ya maji, jua la Julai likiwa limeshapanda. Nilipotaka kukimbia nawe ukanikataza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiweka mwendo wa boti, miguu yangu ilihitajika. Nikakubali haraka mno. Nikakaa kwenye benchi kivulini nikikuona unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, ukitema mate kwenye kopo. Ulipopanda mizani, midomo yako ilikuwa imepasuka. Hamsini na tano kamili. Ukaninyooshea kidole gumba.

Ndani ya boti nilikupa mgongo, kama siku zote. Sikuwahi kuuona uso wako tukivuta, nilikuwa nikikusikia tu. Mita mia mbili za mwisho ukaacha kusema "vuta". Nikasikia pumzi yako imekuwa fupi, inakwaruza. Nilisikia, Ate. Nikaongeza mwendo, maana tulikuwa mbele. Tulipovuka mstari wa mwisho, kasia lako likapiga maji, nikadhani unashangilia. Nikainua mikono juu. Watu ufukweni walikuwa wanapiga kelele kabla sijageuka.

Daktari alisema moyo ulichoka kwa kukaukiwa maji. Watu wote wamelikubali hilo. Medali mbili zimo katika droo yangu, yako na yangu.

Mama yako alipiga simu siku ya tatu. Uliwahi kuniambia kwamba kwenu mtu hasalimiwi habari za asubuhi, huulizwa kama amekula. Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Hakuuliza kama tulishinda, hakuuliza hospitali gani. Aliuliza, "Mwanangu alikuwa amekula?" Nikamjibu ndiyo, Mama, alikula akashiba. Akalia, akanishukuru. Kila Jumapili hupiga tena, na kila Jumapili hunishukuru kwa kukulisha.

Siwezi tena, dada yangu. Pumzika sasa, hakuna wa kukupima huko. Mimi nakuahidi jambo moja, na boti nitairudia au sitairudia baada ya hapo. Jumapili hii sitamngoja apige. Nitapiga mimi, nimwambie: hakula, Mama. Nilikula mimi.

Shoga yako,
Zuhura