Samaki wa Barafu na Jina Lako, Mjomba

Mjomba,

Shikamoo. Najua aliyekufa haamkiwi, lakini kukupa habari bila kukuamkia siwezi, ulimi unakataa. Huku hatujambo. Mvua zimenyesha, maharage ya mlimani yamekubali, na gari moshi la Wadachi bado linawamwagia watu masizi kwenye kanzu nilizowashonea jana. Mimi nipo na cherehani yangu pale pale, kwenye baraza ya duka la Mhindi hapa Morogoro, na yeye bado ananinung'unikia kwamba kelele za cherehani zinamkatia usingizi wa mchana.

Ninayotaka kukueleza ni ya arobaini yako. Nisipokueleza mimi utayasikia kwa Mhina, yule mtani wetu Mzigua wa Mwembesongo, naye unamjua, hawezi kupeleka habari bila kuitia pilipili.

Desturi yetu Waluguru unaijua kuliko mimi. Mtu akifa, jina lake halitupwi. Siku ya arobaini mpwa wake mmoja hukalishwa mkekani akavikwa jina hilo, na tangu hapo anashika nafasi ya marehemu. Jina likikosa wa kulivaa, ndiyo limekwisha. Na lako, mjomba, lilikosa mtu. Mimi nilikuwa nalitaka, tena sana, lakini mimi ni kitinda mimba, nani aniulize? Kabla ya arobaini aliulizwa kaka Shomari, akajibu mbele ya wazee wote, "Niitwe Kobelo mimi? Nikipeleka ndizi sokoni Mikese si watanizomea?" Mama Mkubwa Mwajuma, dada yako wa kwanza, akamuunga mkono. Akasema jina hilo lilikuwa la heshima mpaka ulipokwenda nalo baharini ukalirudisha limejaa uongo, na sasa bora lipumzike. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Niliona wanakuzika mara ya pili.

Uongo wenyewe ni samaki wa barafu, nini kingine. Uliondoka hapa kwa miguu kama mpagazi, ukapata kazi ya kutia makaa kwenye meli ya Wadachi, ukafika kwao, kisha ukaingia meli ya kuvua iliyokwenda kaskazini kabisa, mpaka bahari inapoganda mtu akaweza kutembea juu yake. Kazi yako huko ilikuwa kupasua samaki. Ukaturudia na koti zito la sufu na hadithi za matumbo. Nakumbuka tukisafisha kambale wa mtoni uani, shangazi, mkeo, anatusubiri na chungu kiko motoni, wewe umechutama unachokonoa utumbo kwa kijiti. "Huyu kala nini jana?" unaniuliza. Nikisema sijui, unacheka. "Mdomo wa mvuvi utakudanganya, mpwa wangu. Tumbo la samaki haliwezi." Shangazi naye kutoka jikoni alikuwa anasema yake, ambayo siwezi kuyaandika.

Basi siku ya arobaini Mhina akaja amevaa koti lako. Jua la mchana lile, mjomba! Jasho linamtiririka mpaka kisiginoni. Lakini mtani ni mtani, msibani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu na hakuna wa kukasirika. Akapindua kinu, akapanda juu yake, akakohoa kikohozi chako kile kile, akaanza: "Jamani, samaki wa huko wanakula barafu! Wanaitafuna kutoka chini, kru, kru, kru, mpaka wanatokeza vichwa!"

Watu wakacheka. Mama Mkubwa, aliyekuwa kwenye sufuria la pilau, akainuka na mwiko wake.

"Mhina, acha uzushi! Nani kakwambia wanakula barafu? Chini ya barafu kunaota utelezi wa kijani, kama ule wa kwenye mawe ya mtoni. Wanaoula ni uduvi, wanatambaa miguu juu, mgongo chini. Na visamaki vimejibanza kwenye nyufa za barafu, uduvi akipita tu, hap!"

"Na jua likipotea miezi mizima," Mhina akauliza, "huo utelezi utaota wapi?"

"Hauoti," akadakia Shomari. "Ndiyo maana samaki wanapunguza mbio. Wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea kwenye ini wakati wa neema."

Hapo ndipo pakachafuka. Mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye ukianza kusimulia alikuwa anaaga, akawakumbusha papa mzito wa huko, anayeogelea kivivu na kula mizoga inayozama. Jirani akasema wamemsahau chewa, asiyechagua, anayemeza kaa, visamaki na hata watoto wa chewa wenzake. Mwingine akamkatalia, wakashikana mashati kwa ajili ya tumbo la samaki ambaye hawajapata kumwona.

Mhina aliwaacha mpaka sauti zikawakauka. Akavua koti, akajifuta jasho, akauliza polepole, "Nani kati yenu amefika huko?"

Jirani akaachia shati la mwenzake.

"Basi mmeyajuaje?"

Mama Mkubwa alisimama na mwiko mkononi. Nilidhani atamrushia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na humo humo kicheko kikageuka kilio. "Kobelo," akawa anasema, "ndugu yangu, Kobelo." Hakuwa amelitamka jina lako tangu tulipokuzika.

Alipotulia akasema jina halipumziki tena, litavaliwa leo hii. Unajua nani alinyoosha mkono wa kwanza? Shomari! Mama Mkubwa akamtazama. "Wewe uliogopa kuchekwa. Jina hili anayeogopa kuchekwa haliwezi." Akanishika mimi mkono, akanikalisha mkekani. "Huyu alilia nyuma ya nyumba. Nilimwona."

Watu wakapiga vigelegele, nami nikawa najiandaa kuchekwa, maana nilijua Mhina hataniacha salama. Ndipo mama yangu akaja. Mdogo wako, mjomba, mama aliyenibeba mgongoni, aliyenichapa juzijuzi tu hapa kwa ulimi wake. Akainama mbele yangu akasema, "Shikamoo, kaka."

Nilitaka kucheka. Nikamtazama usoni, nikaona hatanii. Alikuwa amekukosa siku arobaini nzima, na sasa alikuwa anasubiri umwitikie.

"Marahaba, mdogo wangu," nikasema.

Nenda salama, mjomba. Watoto wako wananiita baba sasa, na mdogo kabisa amekwisha kuniuliza papa akikosa mzoga anakula nini. Nitawasimulia yote kama ulivyotusimulia, sitaongeza hata jino moja. Na kila asubuhi mama akiniamkia, nakuahidi, nitaitikia.

Mimi,
Kobelo