Kigurudumu Ulichokipiga Tupa

Tata Ilunga,

Mashini ya kaseti ya kwaya, ile uliyonikataza kuigusa miaka yote niliyojifunza kazi kwako, nimeifungua. Usinikasirikie. Tumekuzika hapa Kapata, Pasaka inakaribia, nawe hupo wa kuisafisha kama ilivyokuwa desturi yako kila mwaka, wala wa kutuanzishia nyimbo.

Nilisikiliza kwanza. "Mutoto, sikia mbele ya kufungua," ulizoea kuniambia, nami nina mvi tayari. Nyimbo zilikwenda kwa uvivu. Nikabadilisha mpira unaozungusha kaseti, bado. Basi nikachungulia kile kigurudumu cha shaba kwenye mota, udadisi ukanishika: kilikuwa kimepigwa tupa. Tena si mara moja, alama zimelaliana, na tupa ni yako, ile yenye pengo. Kigurudumu kikipungua, kaseti inazunguka polepole na sauti zinashuka. Lakini kwa nini? Wewe uliyenigombeza kwa skrubu moja iliyosahauliwa mezani?

Nikatia kipya. Unajua kwaya yetu haisomi noti, inafuata kaseti kwa sikio. Jumamosi sauti zikapanda, koo zikawakaba wote, na kiongozi wa kwaya akaninyooshea kidole mbele ya watu, akasema, "Ule mama aliharibisha mashini ya tata." Niliumia. Fundi ana jina tu, hana kingine.

Nikampelekea mke wako, Mama Régine, kigurudumu cha zamani. Akakigeuzageuza, akacheka mpaka machozi. "Sauti yake haikukuwa tena nafika ku yulu," akasema, akionyesha juu kwa kidole. "Aliona haya ya kuachia bengine wimbo yake."

Mzee mwenye hila wewe! Kila Pasaka uliishusha kwaya nzima kidogo, ili uendelee kuanzisha nyimbo, na hakuna aliyeshtuka. Nilikucheka njia nzima ya kurudi, kisha nikalia. Nimekukosa sana, Tata. Na bado najiuliza: ulikuwa ukipima kwa kitu gani, kwa jicho au kwa koo lako?

Ningeweza kuwaeleza, jina langu likasafika. Badala yake nimerudisha kigurudumu chako. Jana waliimba vizuri, kiongozi akaniambia sasa angalau nimeanza kujua kazi. Nikamjibu aksanti.

Lala salama. Nakuahidi, siri hii haitatoka kwangu. Wakiuliza mashini ilikuwa na nini Jumamosi ile, nitasema ni mkono wangu uliokosea.

Mwanafunzi wako,
Odile