Nenda Wewe, Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya pili baharini. Tumbo limetulia, namshukuru Mungu. Chumba chetu kidogo mno — mkwe akitaka kuvaa viatu, sharti mimi nipande kitandani nikunje miguu. Mama wa mume wa binti yangu, huyo. Mkunga mstaafu, mrefu kama mlango, maneno yake ya kupima. Watoto wametupa zawadi: wiki nzima melini, wakwe wawili, ufunguo mmoja. "Mkafahamiane," walisema. Waongo! Wametutuma tukaamue.

Maana binti yangu anajifungua mwezi ujao, na kwao kuna kitanda kimoja tu cha mgeni. Nani aende kumwangalia mzazi? Watoto wanaogopa kuchagua. Mimi nilikuwa nangoja mkwe aseme, nenda wewe, ni mwanao. Hasemi. Basi leo mezani nikaanza mimi, kwa adabu zote: "Nenda wewe, mkwe. Mimi nitakwenda baadaye."

Kwetu neno kama hilo husemwa ili likataliwe! Mwenzio anasema la, hasha, wewe ndiye mama. Unakataa. Anashikilia. Mwishowe unakubali kwa shingo upande, na moyoni unacheka. Kila mtu anaijua zamu yake.

Mkwe akafuta mdomo kwa kitambaa. "Haya. Asante sana, mkwe." Akanyanyuka, akaenda msalani, akakaa huko muda. Aliporudi akamaliza supu yake.

Mimi yangu ilipoa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshinda nazungushazungusha maneno. Nimesema binti yangu anaogopa sindano tangu utotoni. Mkwe akasema wengi huogopa, atakuwa naye. Nimesema mtoto wa kwanza si mchezo. Akasema amezalisha mpaka hesabu imempotea. Nimesema mimi nisipomwona mjukuu siku zile za mwanzo nitaugua. Akasema hutaugua, nitakupigia video.

Video!

Jioni dansi kwenye sitaha. Yule mwalimu wa dansi mwenye suruali ya kubana akanivuta katikati. Nikacheza kwa hasira tupu — watu wakanipigia makofi, wakadhani nina furaha.

Kesho tunatia nanga kisiwani. Huku melini simu haishiki, lakini huko inashika. Mkwe anasema akikanyaga nchi kavu tu atawapigia watoto awape habari njema. Njema kwa nani, jamani?

Jumatano, 5 Machi

Kisiwa kizuri, macho hayashibi! Dirishani naona nyumba zimepangana mlimani, madirisha ya bluu, ya kijani, nguo zimeanikwa kila mahali. Meli yetu ni kubwa kuliko gati lao, kwa hiyo tutashushwa kwa boti ndogondogo. Mkwe kavaa kofia ya ukili pana, mimi miwani myeusi niliyoazima kwa dada yangu. Nimepiga moyo konde. Nitamwambia ukweli kabla hajapiga hiyo simu.

Jumatano hiyohiyo, benchi la gatini

Naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Mkwe amekaa upande wa pili wa benchi. Tunangoja boti ya kuturudisha.

Nianze mwanzo. Mji wenyewe ni barabara moja. Posta, duka la dawa, kinyozi aliyesinzia kwenye kiti cha wateja. Tulivyomiminika kutoka kwenye boti, hata paka walihama. Mkwe akatoa simu — hakuna kitu. Akainyanyua juu, akapanda ngazi za posta, hakuna kitu. Mimi kimoyomoyo: ahsante. Na badala ya kutumia nafasi hiyo kusema, nikamsifia kofia.

Kisha miguu ikanipeleka yenyewe kwenye duka la vitambaa. Miaka yote hii ya ushonaji, sipiti duka la vitambaa nikaliacha. Kwenye kona nikaona flaneli ya manjano, laini, ya kumfungia mtoto mchanga. Kipande cha mwisho. Nikanyoosha mkono. Na mkono wa mkwe ukanyooka.

"Chukua wewe, mkwe," nikasema.

"Haya, asante." Akampa mwenye duka akate pindo.

Hapo nikalipuka. "Hata mara moja hukatai?"

"Nikatae nini? Si umesema nichukue?"

"Nimesema kwa adabu!"

"Na mimi nimechukua kwa adabu."

Mwenye duka mkasi uko hewani. "Mama zangu, nikate au nisikate?"

Mkwe alikuwa ananitazama kama anayetafuta mahali pa kidonda. Akasema polepole kwamba kwao mtu akikwambia chukua, kukataa ni kumtukana, ni kama kumwambia hana cha kukupa. Kisha akauliza: "Na lile la Jumatatu? La kwenda kwa watoto?"

Nikasema: "Na hilo."

"Kumbe unataka kwenda."

"Nataka! Nataka kuliko kitu chochote. Ni mwanangu!"

Ndivyo nilivyosema. Siku tatu nimezunguka, halafu nimelitoa mbele ya mtu baki aliyeshika mkasi. Mwenye duka, mstaarabu, akajifanya anatafuta karatasi ya kufungia. Akasema tu kwamba simu tukitaka, zinashika gatini pekee. Kitambaa tumekiacha pale juu ya meza.

Tukashuka gatini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, ningeuweza. Tulipokaa hapa akaanza kusema, macho kwenye maji. Alimzaa mwanawe ugenini, mumewe kazini mbali, na nesi aliyekuwa na haraka zake. Hakuna aliyemshika mkono. Labda ndiyo maana akasomea ukunga, hajui. Ameshika mikono ya mabinti wa watu maisha yake yote, wa kwake hakujaliwa, ana yule kijana mmoja tu. Mke wa kijana wake ndiye binti atakayempata.

"Jumatatu uliponiambia niende, nilikwenda msalani nikalia," akasema. "Nilidhani umenipa."

Nilidhani umenipa! Ningepewa kofi ningelipokea vizuri zaidi. Na mimi nilikaa pale naichukia supu yake.

Nilitaka kumwambia, basi nenda, mkwe. Neno likafika mdomoni na likakwama, kwa sababu safari hii angenisikia vizuri. Na roho bado inataka kwenda. Inataka vilevile! Sasa tu inauma pande zote mbili.

Boti inaonekana, imeshatoka kwenye meli. Watu wanapanga foleni na mizigo yao ya kasa wa mbao. Simu ya mkwe imeshika mtandao, ujumbe unaingia mfululizo, ti ti ti. Ameiweka kwenye benchi katikati yetu.

Inaita. Ni binti yangu. Picha ile ya harusi, amecheka mpaka macho yamefumba.

Mkwe ameisukuma simu upande wangu kwa kidole kimoja. "Pokea. Mwambie unakwenda wewe."

Amesema mara moja. Huyu hana ya pili wala ya tatu. Ameshusha ukingo wa kofia, simwoni macho, namwona kidevu tu.

Imekatika.

Inaita tena. Mkwe anauliza naandika nini saa hizi, mtoto anangoja. Kalamu iko mkono wa kulia. Wa kushoto nimeunyoosha, umefika kwenye benchi, na sijui unakwenda kwenye simu au kwenye mkono wa mkwe.