Kapinga Alipata Tatu

Mama Mshauri, nikuungamie kabla moyo haujaghairi, maana mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kalemie, darasa la sita la sekondari, na shule haina kitabu hata kimoja, kwa hiyo nafundisha kwa daftari nililonakili nilipokuwa mwanafunzi, na wanafunzi nao hunakili ubaoni neno kwa neno, ndiyo desturi yetu, na mwezi uliopita niliwapa hesabu ya rezistansi mbili za om sita zilizofungwa sambamba kwenye betri ya volti kumi na mbili, nikajumlisha moja ya sita na moja ya sita, nikapata moja ya tatu, nikaishia hapo kama daftari lilivyoishia, na mkondo ukawa ampere thelathini na sita. Msichana mmoja, nimwite Kapinga, akasimama: "Mwalimu, hesabu haiyaisha, tuigeuze. Rezistansi njo om tatu, ampere njo nne tu. Makumi tatu na sita zingeunguza waya." Darasa likacheka, nami nikapandwa na hasira, nikampigisha magoti nje na kumpa sifuri ya muhula, na nilipofika nyumbani nikahesabu upya, Mama, nikapata tatu.

Sasa baba yake ameiona sifuri ile, amesema, "Kama fizike inamushinda, aende Moba kwa shangazi yake akalime," na meli ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mtihani wa Serikali umekaribia, na nikikiri darasani nani atanisikiliza tena?

Mwalimu H.

Mwalimu, nakujibu kabla ya zamu ya barua yako kwa sababu meli haingoji. Pole kwa kukosa vitabu. Kosa la daftari nalo nalisamehe. Lakini mwezi mzima unajua mtoto alikuwa sahihi na umenyamaza, hapo sikupi pole hata chembe. Kuteleza si kuanguka, ila wewe umeteleza ukamwangusha mwingine.

Leo hii nenda kwa baba yake. Usitume mtu wala barua, umwambie kwa kinywa chako: "Papa, mutoto wako alipata, mimi njo nilikosa." Kesho asubuhi nenda kwa prefe, mkuu wa shule, urekebishe alama mbele yake. Kisha ingia darasani uandike hesabu ile upya, kila mmoja asahihishe daftari lake, maana mtihani hautauliza walinakili kwa nani. Mwombe Kapinga msamaha hapo hapo, wenzake wakisikia.

Watakucheka, ndiyo. Waache wacheke, kengele italia watasahau. Lakini mtoto huyo akipanda meli, utabaki unafundisha darasa ambalo aliyeelewa peke yake umemfukuza wewe mwenyewe.