Mama Alisema Tuko Watatu

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika, lakini upande wa Kongo mawingu bado yametanda, na hapa Gungu matope yanang'ang'ania ndala mpaka zinakatika. Nimekaa juu ya godoro jipya ambalo hata nailoni yake sijaitoa.

Godoro la tatu lipo pale ukutani. Mama amelitandika blanketi, akalikunja kwa juu vizuri. Halina mtu.

Nisipoandika leo nitaugua.

Mnaopita kwenye ukurasa wangu huu mara kwa mara mnapajua kwetu: nyumba ya mwisho kule ufukweni Ujiji, nyuma yake mchikichi mmoja, na chini ya mchikichi kaburi la baba. Ziwa limekuwa likipanda msimu baada ya msimu. Lilianza na choo, likaja jiko, kisha likamfikia baba. Msalaba wake wa zege ulibaki umechomoza juu ya maji, tukawa tunauona kila tukienda kuchota. Asubuhi moja tukaamka haupo. Mama hakulia. Aliingia ndani akakoroga uji.

Tangu siku hiyo akiulizwa habari za baba anasema yuko ziwani.

Sasa, mtu wa Kigoma ukimwambia fulani yuko ziwani, hana swali la pili. Amekwenda kuvua huyo, atarudi na dagaa wake. Ndivyo alivyoelewa dada wa ustawi wa jamii kutoka manispaa, alipokuja kuangalia kaya zilizoingiliwa na maji. Yeye ni mtu wa Singida, lakini ameshakaa huku vya kutosha kuijua lugha yetu. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye angemsahihisha, alikuwa amebaki kwa jirani akibishana. Dada akauliza maji yamewafukuza wangapi hapa nyumbani.

"Watatu," mama akasema. "Mimi, huyu binti yangu, na baba yake."

"Mzee yuko wapi?"

"Yuko ziwani."

Dada akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda zake. Mimi nimesimama hapo, futi ya kupimia nguo shingoni, maana nilikuwa nawahi cherehani yangu sokoni Mwanga. Nilinyamaza. Ukuta wa chumba cha mama ulikuwa umepasuka mkono unapita, na kwa muda wote huo alikuwa amegoma kuhama. Siku ile ndiyo kwanza alikubali. Tukiwa wote watatu, nahama, alisema. Ningemfanyaje?

Leo asubuhi gari la manispaa likaja na unga, ndoo, magodoro, na ufunguo wa chumba hiki. Dada akasema ufunguo anakabidhiwa mkuu wa kaya mwenyewe.

"Mzee amesharudi?"

"Bado," mama akasema.

"Basi tumsubiri kidogo."

Akageuza ndoo, akakaa.

Jamani, tulimsubiri. Mvua ikaanza, udongo ukawa unamomonyoka ukutani vipande vipande, na sisi tumekaa upenuni tunamsubiri baba yangu. Dada wa watu anatazama majini kila mara. Akauliza kwa huruma kama huwa anachelewa hivi. Mama akajibu kwamba safari hii amechelewa.

Hapo nikashindwa. Nikanyoosha kidole kwenye maji, pale ulipokuwa mchikichi, nikasema baba alishafariki, kaburi lake ni pale. Niliona kabisa vitu vinarudishwa garini, mama anaitwa mwongo mbele ya majirani, na usiku huo ukuta unamwangukia.

Dada akayatazama maji pale nilipoonyesha. Kisha akainuka, akaweka ufunguo mkononi mwa mama kwa mikono miwili, akamwambia pole sana mama. Nikasema godoro la tatu lirudi, maana najua wapo wenzetu waliofukuzwa na maji wanaolala chini kwenye madarasa ya shule. Akanijibu taratibu kwamba atakuja kulifuata, lakini si leo.

Tumehama basi. Tumefika salama, paa ni zima, ukuta ni wa matofali ya kuchoma. Nilipaswa kufurahi.

Ila mama hataki nifunge komeo. Kule kwetu, enzi za uhai wake, baba akiwa ziwani anavua mlango ulikuwa hauwekwi komeo, unarudishiwa tu. Jioni hii nikamkaripia, Mungu anisamehe. Nikamwambia mama, baba amekufa, tulimzika wote, mbona unanitia hofu?

Akanitazama kwa huruma, yeye ananihurumia mimi.

"Najua amekufa, mwanangu. Kwani sikuwepo? Yule dada aliniuliza maji yamewafukuza wangapi pale nyumbani. Baba yako naye si ametolewa kwake? Nimesema uongo gani?"

Mara mbili nimeinuka kwenda kulifunga lile komeo, mara zote nimerudi kukaa. Mlango umerudishiwa tu, upepo unausukuma kidogo, na mama kila ukilia anageuza shingo. Najikuta na mimi nageuka.

Kutoka hapa Gungu ziwa hulioni, wala hulisikii. Hatukumuaga. Atajuaje tulikohamia?