Mkutano Ulioitwa Siku ya Majani

Jumatatu, 3 Machi

Ofisini. Nimesahihisha hotuba ya mkurugenzi wetu wa kaunti, kama kila Jumatatu. Mimi huandika, yeye husoma. Hotuba njema: nyumba za bei nafuu, ghorofa nne, maji ndani, mahali pa watoto kucheza. Zitajengwa nyuma ya soko, pale zilipo nyumba za mabati za umma. Ramani imeziita makazi ya muda. Senge Rael, dada ya baba, anaishi katika makazi hayo ya muda tangu nikiwa shule ya msingi. Humo ndimo alimonilea.

Kifungu kimoja hakipo katika mpango. Hakuna panaposema wakazi wa sasa watapewa nyumba kwanza, wala watalala wapi ujenzi ukiendelea.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuuliza mkurugenzi. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Kifungu kitaongezwa, alisema, iwapo wakazi wenyewe watakidai katika mkutano wa kutoa maoni. Wasipokidai, mpango unapita ulivyo. Nikauliza siku. Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa.

Jumanne! Siku ambayo lori la kiwanda huchukua majani ya chai katika kituo chetu. Jani lililochumwa halingoji mtu. Likikaa guniani linapata joto, linabadilika rangi, karani wa kituo analikataa. Na wakazi wa nyumba za mabati ni vibarua; wanachuma katika mashamba ya watu. Nani ataacha kikapu aje kusikiliza hotuba?

Mkurugenzi mwenyewe ni mtoto wa chai. Mama yake alichuma. Ameisahau siku ya majani kama mtu aliyesahau jina la ubatizo la mama huyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeomba siku ibadilishwe. Nimekataliwa. Wageni wa Nairobi wamekwisha kupangiwa hoteli.

Jioni nilikwenda kwa Senge. Wakazi wakakusanyika mlangoni. Niliwasihi waache chai Jumanne moja tu. Mama Akinyi, mjane aliyeletwa huku na kazi kutoka pande za ziwani, alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Sasa madam, mwenye shamba nimwambie nini? Ati niko mkutano? Ijumaa nikirudi kuchuma nitapata ameshaita mtu mwingine."

"Na wewe si ndiye mdomo wa kaunti?" Senge akadakia. "Watu wakioana unaongea, wakizikwa unaongea. Tuongelee na sisi."

Wakanipigia makofi. Niliyaogopa makofi yale.

Jumapili, 9 Machi

Ibada. Nimeomba kwa maneno machache yasiyo na ufundi.

Baadaye nilimfuata karani wa kituo cha majani nje ya kanisa. Nikamweleza yote. Ameahidi kusema na dereva: Jumanne lori lianze na kituo chetu, alfajiri, kabla ya vingine. Wanawake watapima majani, kisha waje ukumbini. Nilirudi kwa Senge nikikimbia, mimi na viatu vyangu vya ibada. Wamekubali. Watachuma Jumatatu mpaka giza. Mama Akinyi ndiye atakayesimama kukidai kifungu. Nimemfundisha maneno. Ameyakataa, ana yake.

Nina matumaini.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ilianza usiku. Lori limekwama kwenye mteremko wa upande wa Soin, magurudumu yote topeni. Wanawake wakasimama kituoni na magunia yao. Wangeondoka vipi? Kazi ya siku nzima imo humo, na si mali yao.

Ukumbini walikaa wenye maduka na vijana wanaotaka kazi ya mjengo. Siwalaumu. Niliongoza shughuli, nikachelewesha kwa kila hila niliyo nayo. Niliomba sala ndefu. Nikaomba wimbo, kisha wimbo wa pili. Nikamtambulisha kila mgeni kwa sifa ambazo hata mama yake hajui. Watu walifurahi sana. Nilitazama mlango mpaka shingo ikauma.

Hawakuja. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Nikasimama mimi.

"Wewe ni afisa, dada," mshauri kutoka Nairobi akanikatiza kwa upole. "Maoni ni ya wananchi."

Mkurugenzi alitazama viatu vyake. Nilizungumza hata hivyo. Sijawahi kuzungumza vizuri namna ile. Watu waliitikia, mzee mmoja alifuta macho. Mwandishi wa kikao alikuwa ameweka kalamu chini. Mpango ukapita ulivyo.

Nilipotoka niliwaona wakiteremka kilimani, wameloa, aproni za plastiki bado viunoni, Senge mbele.

"Tumechelewa?" Mama Akinyi aliita kutoka mbali. "Si muanze tena!"



Jumatano, 12 Machi

Naichukia sauti yangu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kwa mwakilishi wa wadi. Nimekwenda kwa mchungaji. Nimekwenda kwa mkurugenzi tena na tena, hadi katibu wake anaponiona huinamisha kichwa. Jibu ni moja: wakazi wajiandikishe kwa simu wangoje zamu, kama raia yeyote. Simu ya Senge ina tochi na redio tu.

Ilani imebandikwa. Wahame kabla ya Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Mama Akinyi amepata chumba Sigowet, kwa shemeji asiyempenda. Senge atakuja kwangu. Wengine, sijui. Afisa wa maendeleo ya jamii, na sijui.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imekatika. Tumehamisha vitu vya Senge kwa mkokoteni: kitanda, vibuyu vya maziwa, picha ya baba. Kazi ilikwisha mapema. Nikamngoja nje. Hakutoka. Nikaingia, nikamkuta ameinama, anafagia. Pembe zote, nyuma ya mlango, mpaka chini ya dirisha. Nikamwambia Jumatatu tingatinga litaiangusha nyumba yote.

"Najua," akasema. "Shika hapa."

Akanipa kizoleo. Nikachuchumaa, nikakishika, akanisukumia vumbi.