Maneno ya Kuchonga Kwenye Jiwe la Mama

Ofisi ya Vizazi na Vifo,
Dirisha la Tatu.
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Kwanza niambie hali yako. Goti linaendeleaje, na baridi ya huko imepungua au bado unalala na soksi? Shemeji amerudi kazini? Na wapwa zangu je, yule mdogo ameota meno ya mbele au bado anacheka na pengo lake? Sisi hapa hatujambo. Mama Mdogo alitolewa bandeji ya jicho wiki iliyopita, na kitu cha kwanza alichokiona ni vumbi juu ya kabati langu. Mimi mwenyewe ni mzima, isipokuwa kuna jambo ninaloliogopa.

Jambo lenyewe ndilo limenikalisha niandike.

Barua yako niliipata Ijumaa, na nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Unasema mlikwenda kuitazama ile filamu ya mama mgonjwa inayosifiwa kila mahali, kwamba ulilia hadi mtu wa kiti cha nyuma akakupa kitambaa chake, na kwamba kifo cha yule mama kilikuwa sawasawa na barua niliyokuandikia baada ya mazishi. Uliandika: “Ni kama aliyeitunga alikuwepo chumbani kwetu.” Kisha ukasema umeshazungumza na fundi achonge kwenye jiwe la Mama maneno yake ya mwisho kwako, kama walivyofanya watoto wa kwenye filamu: Hujawahi kuwa mbali nami.

Filamu hiyo imefika hadi ofisini kwetu. Mpiga chapa, mama mtu mzima, ameiona mara tatu. Dereva wetu, ambaye tunamwita Hakimu kwa sababu hukumu zake hazikatiwi rufaa, anasema haijatengenezwa nyingine kama hiyo. Jumatatu wakati wa chakula cha mchana walikuwa wakiisifu, na mimi, ambaye huwa nakula kimya kwa kuwa bado sijathibitishwa kazini, nikajikuta nasema imesifiwa kupita kiasi.

Chumba kizima kikanigeukia.

“Imezoa tuzo huku na ng’ambo,” Hakimu akasema, “halafu karani wa dirisha la tatu ndiye anaikataa! Wewe ulitaka yule mama afe vipi, kwa kupiga chafya?”

Walicheka. Hata hivyo nilijibu. Niliwaambia picha zake ni nzuri na mwigizaji anaijua kazi yake, ila kile kifo kimepigwa pasi. Kwa miezi minane sasa nimeandikisha vifo. Fomu yetu ina mahali pa jina, umri, saa na sababu. Pa maneno ya mwisho hapana, lakini watu hunisimulia tu, wakiwa wamesimama pale dirishani. Mzee mmoja aliomba redio ipunguzwe sauti. Bibi mmoja aligombana na mjukuu wake kuhusu kandambili. Wengi hawakusema lolote. Sijamsikia hata mmoja aliyeegemezwa kwenye mito akawaaga watoto mmoja mmoja, bila kukohoa, mpaka muziki ukaingia. Nikasema kama hiyo ndiyo filamu bora, basi ubora wake ni kutuficha.

Mpiga chapa akafunika bakuli lake.

“Mwanangu,” akaniambia taratibu, “mume wangu alifia kwenye foleni ya eksirei. Mimi nilikuwa nimeenda kumnunulia maji. Ile filamu imenipa dakika ambayo sikuipata. Sasa wewe unataka kuninyang’anya, kwa ajili ya fomu zako?”

Nilimwomba radhi mbele ya wote, na alasiri ile nikaharibu vyeti viwili kwa kuandika tarehe za uongo.

Tangu hapo sijaacha kuyafikiria maneno yake. Naona ana haki. Alipoingia ukumbini alijua anasimuliwa hadithi, na taa zilipowaka alijua tena mume wake alifia wapi. Wewe, Dada, hukujua. Hakuna aliyekuwashia taa.

Mama hakuyasema maneno yale. Niliyaandika mimi.

Siku ya mazishi, ulipokosa ndege, uliniuliza kwenye simu swali moja tu: “Alisema nini?” Niliogopa. Nikakuahidi kwamba nitakuandikia, kisha nikakaa mezani nikatunga, kama nilivyokuwa nikitunga insha shuleni, wala sikuwa na mahali pa kuchota ila kwenye filamu zote nilizowahi kutazama. Ndiyo maana filamu hii inafanana na barua yangu. Aliyeitunga hakuwepo chumbani kwetu. Na mimi pia sikuwepo.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mama Mdogo alikuwa amefuata dawa. Mama alikuwa amelala akielekea ukutani, midomo imemkauka, na chumba kilinuka dawa ya kuchua. Alifungua macho akauliza, “Nguo umeanua? Mvua inakuja.” Nikamwambia nimeanua. Sikuwa nimeanua. Nikatoka mbio kwenda uani kabla hajagundua. Sikukaa zaidi ya muda wa kuanua kamba mbili. Niliporudi nikiwa nimekumbatia nguo hadi kidevuni, Mama hakuwa akipumua tena. Nikasimama pale na zile nguo, sijui niziweke wapi.

Mvua yenyewe haikunyesha.

Kati ya nguo hizo lilikuwemo sweta lako la kijani, ulilolisahau siku ya safari. Mama alikuwa akilifua kila mwezi ili lisishike harufu ya kabati, na aliposhindwa kufua alinisimamia mimi nilifue. Naogopa hata kukuandikia hili, maana naona linavyotaka kugeuka filamu nyingine. Huenda alikuwa anawaza shuka tu. Sijui, na sitakuambia kwamba najua.

Jana nilikwenda kwa fundi. Jina la Mama na tarehe zake ameshachonga. Hizo nilimpelekea mimi kutoka kwenye daftari letu, na ni za kweli. Yale maneno alikuwa ameyaandika kwa chaki, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikamwomba asiyaguse mpaka nisikie kutoka kwako. Akaniuliza kama nimeona kosa. Nikasema ndiyo, langu. Akasema nimewahi, wengine humjia patasi ikiwa imeshapita. Atangoja hadi mwisho wa mwezi.

Ukitaka maneno yabaki, niandikie, nami nitamwambia achonge, wala sitamweleza mtu mwingine yeyote. Hilo mpiga chapa amenifundisha. Lakini utakuwa umechagua ukiwa unajua. Na ukinikasirikia, nikasirikie kwa barua ndefu. Usininyamazie tu, Dada, tafadhali.

Sweta nimelifunga ndani ya kifurushi hiki pamoja na barua. Nililifua Jumapili. Nikakaa uani kwenye kigoda mpaka likakauka, nikalianua, ndipo nikaingia ndani.

Mama Mdogo anakusalimu sana, na anasema kwenye picha mliyotuma Shemeji amekonda. Msalimie, na wapwa zangu uwabusu, huyo wa pengo mara mbili. Mungu awalinde mlipo, akupe moyo wa kuisoma barua hii hadi mwisho.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ambaye safari hii sikutunga kitu.